Mpaka Niambiwe Inuka

Kijijini kwetu, upande wa Lagangabilili, kuna watu ambao mpaka leo wananiita mvivu aliyepona. Siwagombezi. Kwa zaidi ya miaka miwili walinipita asubuhi nikiwa nimekaa juu ya kigogo mbele ya nyumba yangu, wakarudi jioni wakanikuta palepale, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. Mtu mzima akikaa hivyo wakati wenzake wameshika majembe, aitweje? Mimi mwenyewe ningemwita hivyohivyo, tena kwa sauti, ili asikie. Naandika haya kwa ajili ya yule mwenye ndugu aliyekaa hivyo leo, na kwa ajili ya huyo aliyekaa, kama kuna mtu wa kumsomea.

Jina langu ni Shija. Kabla ya kuugua nilikuwa mpima pamba. Nilianzia kwenye chama cha ushirika cha kijiji, enzi zile mkulima alikuwa na mahali pamoja tu pa kuuzia. Nikitia mkono ndani ya gunia nilijua kama ni pamba safi tupu au kuna fifi, ile chafu ya daraja la chini, imefichwa chini. Nilikuwa na mdomo pia. Mama akileta pamba yenye majani, nilimwuliza anauza pamba au anauza mlenda. Watu walicheka na yeye alicheka, kisha alikaa pembeni akaanza kuchambua. Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na sisi tuliojua kazi tukawa tunagombewa. Nikauacha ushirika, nikaenda kwa mnunuzi mmoja. Msimu ule kila mtu alikuwa na haraka, maana ukichelewa kufika kijijini ulikuta mwenzako ameshazoa pamba yote.

Haraka hiyo ndiyo iliyonipandisha juu ya shehena. Tulikuwa tunatoka Kimali, lori limejaa mpaka limevimba, na mbele kwa dereva hapakuwa na nafasi. Nikakaa juu ya pamba. Wanasema tawi la mgunga ndilo lililonipiga kwenye paji la uso, nikaanguka upande wa korongo. Mimi tawi silikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nasimulia kitu, na nilikuwa nacheka.

Niliamka siku ya sita. Mke wangu Minza alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali, mtoto wetu Kabula yuko kifuani ananyonya. Minza alipoona macho yangu yamefunguka alipiga kelele ya furaha, akamwita dada yangu Milembe aliyekuwa nje anafua. Wote wawili wakalia. Nikawaangalia. Nilijua ni nani, nilijua kwa nini wanalia, na nilijua kwamba mimi ndiye ninayeliliwa. Ndani yangu hakukutikisika kitu. Nilidhani ni uchovu.

Kidonda kilifunga vizuri. Kwenye paji la uso palibaki shimo dogo ambalo kidole cha mtoto kinaenea. Pua iliacha kunusa, na haijanusa mpaka leo. Samaki wa Nassa na sabuni ya kufulia kwangu ni kitu kimoja. Chakula nilikula nikilishwa. Nikipewa sahani na kuachwa, ilipoa mbele yangu. Njaa nilikuwa naiona kwa mbali, kama mtu anayepita barabarani ambaye hana habari na mimi.

Walinirudisha nyumbani wakati watu wanang'oa mashina ya pamba na kuyachoma. Ndipo nilipoanza kukaa. Minza alinitoa nje asubuhi, akaniweka kivulini, akaenda shambani. Kivuli kilihama, mimi sikuhama. Jua liliniunguza bega na shingo upande mmoja mpaka ngozi ikabanduka, na maji ya kunywa yalikuwa ndani ya mtungi, hatua sita kutoka pale nilipokaa. Nilijua nina kiu. Nilijua mtungi uko wapi. Naomba msomaji alielewe hilo, kwa sababu ndilo lililowashinda wote: akili ilikuwepo. Ukiniuliza bei ya pamba ya msimu uliopita nilikujibu sawasawa. Kilichokosekana ni kile kitu kidogo cha kumwinua mtu kutoka "najua" mpaka "nakwenda". Ndevu zilikua. Mkojo ulinitoka nikiwa nimekaa, si kwamba sikuusikia. Niliusikia, nikakaa.

Na sikuwa na huzuni. Watu wema walikuja kunipa pole, wakasema lazima naumia moyoni. Ningeumia ningeshukuru.

Ndugu walinipeleka kwa mfumu mmoja, mganga wa kienyeji huko Meatu, mzee mwenye heshima zake, kwa sababu ilisemwa kwamba mpima pamba ana maadui wengi, na hilo lilikuwa kweli. Alinichanja, akanipa dawa ya kunywa na ya kuoga, akaniangalia machoni kwa muda mrefu. Tulipokuwa tunaondoka alimwambia Milembe kwa heshima anayopewa mama, "Mayu, huyu hakuna mtu ndani yake anayenikatalia. Nimezoea kupambana na kinachokataa." Nadhani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniona.

Palizi ilipita. Wakati wa kuchuma tulikwenda Mwanza, hospitali kubwa. Tulikaa siku tatu kwenye benchi la mbao kwenye korido, kila mtu ameshika daftari lake la matibabu. Kulia kwangu alikuwa mama na mtoto wa miaka kama minane ambaye alikuwa anasimama ghafla katikati ya neno, anatafuna midomo, kisha anarudi kwenye sentensi yake bila kujua kwamba aliondoka. Kushoto alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwalimu, anamwuliza mwanawe kila baada ya muda mfupi hapa ni wapi, na mwanawe anamjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Yule mwanawe nilimwangalia sana. Alikuwa na subira ya kushangaza. Siku ya tatu niliona anakwenda nyuma ya jengo, anapiga ngumi ukuta, anafuta mkono kwenye suruali, anarudi na kusema, "Hapa ni hospitali, baba."

Daktari alinipiga nyundo ndogo magotini, akaniambia nihesabu kurudi nyuma, nikahesabu. Akaniambia nitaje majina ya wanyama wote ninaowajua. Nilisema ng'ombe. Akasubiri. Nikasema mbuzi. Akasubiri tena, nami nikasubiri pamoja naye. Mtoto wa Kisukuma, niliyechunga mpaka nikaota ndevu, nikaishia hapo. Alisema jeraha liko sehemu ya mbele ya ubongo, kwamba huenda muda utasaidia, akaandika dawa. Minza alimwuliza, "Daktari, atanipenda tena?" Daktari akasema hilo hana kipimo chake. Alilisema kwa upole.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Ilikuwa mchana, mvua za vuli zimekatika, Kabula ameshajua kutembea kwa kuyumbayumba. Minza alikuwa nyuma ya nyumba anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Maji ya ugali yalikuwa yanatokota kwenye sufuria, mafiga matatu pale uani, na mimi nimekaa kwenye kigogo changu, si mbali. Kabula alinipita. Aliniangalia akacheka, akaendelea kuelekea motoni. Niliona. Nilifikiri, mtoto anakwenda motoni, inafaa nimshike. Wazo lilikuja limekamilika, na maneno yake yote. Likakaa pale. Kabula alishika ukingo wa sufuria kujizuia asianguke.

Maji yalimwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Minza alikuja mbio. Baada ya maji baridi, baada ya jirani kumchukua mtoto kwa baiskeli kwenda naye zahanati, Minza alinirudia pale nilipokaa. Alipiga magoti mbele yangu. Aliniuliza, "Baba Kabula, ulikuwa umelala?"

Ningesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo. Lakini kudanganya nako ni kazi ya kuanza, na mimi nilijibu tu kilichokuwepo.

"Hapana. Nilimwona akienda."

Aliniangalia usoni akitafuta kitu. Hakukipata. Akainuka, akafunga kanga zake mbili na nguo za mtoto, akaenda zahanati, na kutoka zahanati akaenda kwao Nassa. Hakuaga. Sasa hivi, ninapoandika, aibu inanipanda mpaka masikioni. Siku ile niliona tu kwamba vumbi la njia limetulia.

Kwetu mke akirudi kwao, mume humfuata. Hilo halina mjadala. Unachukua mzee mmoja au wawili wa kwenu, mnakwenda kwa baba mkwe, mnakaa, mnaambiwa makosa yenu, mnaomba. Wazee wako wanaweza kukusafishia njia ya maneno, lakini neno la mwisho unalisema mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya baba mkwe. Mume asiyekwenda amesema tayari kwamba hamtaki mke. Wiki ya kwanza wanasubiri. Mwezi wanaanza kunung'unika. Ukipita msimu, mambo yamekwisha, na ng'ombe wa mahari wanaanza kutajwa.

Nililijua hilo tangu utotoni. Asubuhi moja nilivaa viatu. Milembe, ambaye alikuwa amehamia kwangu kunihudumia, alinikuta mchana bado nimevaa viatu, nimekaa kitandani.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nassa."

"Na umefika?"

"Hapana."

Milembe ana ulimi mkali, tumetoka tumbo moja. Lakini siku ile hakunitania. Alinivua viatu akalia ameviinamia.

Aliyetuokoa alikuwa tabibu wa zahanati, kijana mwembamba aliyemfunga Kabula kidonda kabla hajapelekwa Nassa. Siku alipopita kwetu, Milembe alimweleza kila kitu. Tabibu akaniambia, "Mzee Shija, simama." Nikasimama. "Nenda mpaka mtungini." Nikaenda. "Chota, kunywa." Nikachota, nikanywa, nikachota tena nikanywa, na kikombe cha tatu, mpaka akasema basi. Akamgeukia Milembe. "Umewahi kuona lori ambalo stata imekufa? Injini nzima, magurudumu mazima. Likisukumwa linakwenda. Wewe mama, acha kumwuliza huyu kama anataka. Msukume."

Tangu saa ile Milembe hakuniuliza tena kitu. Inuka. Nawa. Kula. Meza. Shika jembe. Mwanzoni majirani waliona ananitesa, mwanamke anamwamrisha kaka yake kama maksai. Mimi niliona mwanga wa aina fulani, ingawa sikuwa na furaha ya kuufurahia. Na kulikuwa na vichekesho. Kuanza kulinishinda, na kuacha kulinishinda pia. Alinipeleka kuchuma pamba, akaniambia chuma, akaenda kunywesha mbuzi. Aliporudi nilikuwa nimemaliza shamba letu, nimevuka mpaka, na nimechuma mistari minne ya jirani, safi imewekwa peke yake na fifi peke yake, kazi ya mpima. Jirani alisimama anakuna kichwa, hajui anishtaki au anishukuru.

Pamba ilipokwisha kuuzwa Milembe aliniambia, "Oga. Vaa shati jeupe. Twende Nassa." Baba mdogo wetu akafuatana nasi, kwa kuwa Milembe ni mwanamke na wazee wa Nassa wasingemsikiliza peke yake. Tulipanda basi mpaka barabara kuu, tukatembea kilichobaki.

Tulifika jua limepanda. "Mwadila," baba mdogo akasalimia, wakaitikia. Baba mkwe, mzee Ngusa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha miguu mitatu na wanawe wawili wamesimama nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ndani, kama inavyopasa mkwe akija, tulimsikia anakohoa. Minza sikumwona. Baba mdogo alieleza ajali, hospitali, dawa. Alieleza stata. Mzee Ngusa alisikiliza yote bila kukatiza.

"Nimesikia ya kichwa," alisema. "Pole yake. Lakini ule mkono wa mjukuu wangu nimeuona. Sasa nataka kumsikia mwenyewe. Shija, umefuata nini hapa kwangu?"

Milembe akafungua mdomo. "Baba, lazima kwanza aambiwe..."

"Nyamaza, mayu. Kwangu mkwe anasema mwenyewe."

Nilikuwa na sentensi. Naapa nilikuwa nayo tangu kwenye basi, nimefuata mke wangu na mtoto wangu, maneno machache tu, yamejipanga ndani ya mdomo. Yalikaa pale. Mzee Ngusa aliniangalia. Wanawe waliniangalia. Kuku mmoja alipita katikati yetu akadonoa kitu karibu na kiatu changu. Niliona kivuli cha mzee kinavyokaribia mguu wa kiti. Nilielewa kabisa kinachopotea, na nilikiangalia kinavyopotea kama nilivyomwangalia mtoto.

Mzee Ngusa akashika magoti yake ainuke. Kwetu mwenye nyumba akiinuka, kikao kimekwisha.

Ndipo Minza alipotoka jikoni. Alikuwa amembeba Kabula mgongoni, mkono wa mtoto umelala begani kwa mama yake, ngozi imekunjamana na bado ni ya rangi ya waridi. Alikuja akasimama mbele yangu, akampa baba yake mgongo, jambo ambalo si la adabu.

"Baba Kabula. Niangalie."

Nikamwangalia.

"Sema: nimefuata mke wangu na mtoto wangu."

"Nimefuata mke wangu na mtoto wangu," nikasema.

Kaka zake wakaguna. Mzee Ngusa alibaki nusu amesimama. "Minza, hayo ni maneno ya nani?"

"Yangu, baba."

"Na ya kwake yako wapi?"

"Nitayasubiri."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Mzee alikaa chini tena. Akasema wageni waletewe maji ya kunawa. Kikao kilichobaki kilikuwa cha makosa yangu, na kilikuwa kirefu, na kila nilipoambiwa "omba radhi" niliomba.

Tulirudi na Minza na mtoto siku ya pili yake. Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri. Minza aliniamrisha kwa miezi mingi, na kuna siku alichoka akanyamaza kutwa, nami nikakaa kutwa. Alikonda. Hakumwacha mtoto peke yake na mimi hata kwa muda wa kufunga mlango. Alilala upande wa ukutani na Kabula katikati, na sikumlaumu, kwa sababu sikuwa na kitu cha kulaumia. Nikiambiwa "mshike mkono mwanao" nilimshika, ule wa kushoto, na niliuhisi kwa vidole tu: mkavu, wenye makunyanzi. Lakini palizi iliyofuata nilianza kwenda msalani bila kuambiwa. Baada ya mavuno nikawa naosha uso. Vitu vidogo vilirudi hivyo, bila mpangilio, na vingine havikurudi kabisa. Kama una mgonjwa wa namna hii, usikae unasubiri siku atakapoamka mzima. Mwambie inuka, na yeye ataendelea kukuchosha, na wewe utaendelea kumwambia.

Siku ninayotaka kumalizia nayo ilikuwa ya gulio, kiangazi cha pili tangu Nassa. Minza alikuwa amejifunga mtoto, kikapu kichwani, ameshanipa amri zangu za asubuhi: kula, osha sahani, kaa ndani jua likiwa kali. Alifika kwenye njia. Mimi nilikuwa mlangoni namwangalia anakwenda, kama nilivyozoea kuangalia kila kitu kinachokwenda.

"Uwahi kurudi," nikasema.

Hakuna aliyeniambia niseme. Mimi mwenyewe nilishtuka kuisikia sauti.

Minza alisimama. Hakugeuka. Alisimama pale njiani, mkono mmoja umeshika kikapu, mpaka nikadhani hakunisikia. Kabula ndiye aliyegeuza kichwa akaniangalia. Halafu wakaendelea, nao wakapotelea nyuma ya shamba la mtama.

Walirudi kabla ya saa sita, Minza anahema, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kikapu kilikuwa kitupu. Alisema alifika gulioni, akazunguka, akasahau kilichompeleka.